Mji wa Viganja Vyeupe

Ardhi ilipotulia, kilichorudi kwanza mjini kilikuwa saa. Si sauti za watu, wala vilio, wala kuku; saa. Wenye mamlaka walizisimamisha zote na kuzianzisha upya kwenye alfajiri, ingawa jua lilikuwa utosini na kila mwenye macho alikuwa analiona. Katika mji huo shauri lilishakatwa, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, kwamba tetemeko likipita siku inaanza upya, na yaliyokuwa kabla yake hayakuwa. Ndiyo maana watu wa pale hawana jana. Muulize mmoja wao alizaliwa lini, atakwambia alizaliwa alfajiri. Muulize baba yake alikufa lini, atakwambia alfajiri. Ukizidi kumbana akutajie alfajiri ipi, atakutazama kwa jicho baya na kukuuliza wewe ni mgeni wa nani.

Siwatu alibandua mikono yake ukutani. Haikutoka kwa urahisi; kila mara ilikuwa hivyo. Baada ya kuushikilia ukuta kwa nguvu zake zote huku dunia ikipepetwa, ilimchukua muda kujua kiganja chake kinaishia wapi na chokaa inaanzia wapi. Kuna alfajiri nyingine alikuwa hana hakika kama yeye ndiye aliyetoka ukutani, au ukuta ndio uliotoka kwake, ukavaa joho lake la kazi na kuteremka mtaani kukagua watu. Aliitazama mikono yake. Ilikuwa myeupe. Basi yeye ni mtu mwema, na siku imeanza.

Mambo yalikuwa hivi, kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi katika mji wa namna hiyo, au anaishi humo na hajajijua. Watu wale walifundishwa kwamba nyumba haisimami kwa msingi; inasimama kwa utiifu. Mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwenye ukuta wake, akakandamizwa viganja juu ya chokaa mbichi, na alama zile zikawa ndiyo nafsi yake mpaka kufa. Ardhi ikitikisika, kila mtu hukimbilia ukuta wake akaushika. Aliye sokoni hukimbia nyumbani, aliye chooni naye hukimbia vivyo hivyo alivyo, na hakuna anayecheka. Nyumba ikianguka, basi yuko mtu aliyeachia. Ukikutwa umekufa chini ya mawe na viganja vyako ni vyeupe, ulishika, na utaimbiwa. Ukikutwa hai, ukuta wako umelala na viganja vyako ni safi, wewe ndiye uliyeuangusha, na utapelekwa kuushika Ukuta wa Umma, ule mrefu ulioinama katikati ya mji, uushike wakati wote mpaka siku utakapokulalia.

Kazi ya Siwatu ilikuwa kuvigeuza viganja hivyo na kuvitazama. Mkaguzi wa Viganja. Watu walimwamkia kwa mbali, na chai walimpa ya moto kuliko walivyowapa wengine.

Alikuwa na swali, na swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Viganja vya wazima alikuwa akivigeuza akiwa amesimama. Vya maiti alipiga magoti, akafukua kifusi, akavitoa, akavigeuza. Na vya maiti vyote, vya watoto na vya wazee, vya wapole na vya wakorofi, vilikuwa vyeupe. Kama kushika kunaokoa. Hapana. Kama kushika kunaokoa, mbona. Hapana, Siwatu, rudi ulikotoka. Kama kushika kunaokoa, mbona waliokufa wote walikuwa wameshika? Hapo akili yake ilikuwa ikifika ukingoni na kugeuka, kama mtu aliyekuta mlango uko wazi akaufunga ili asije akaona kilichomo ndani.

Lakini ndoto hazifungiwi mlango. Mara nyingi aliota anateremka chini ya sakafu, chini ya visima, chini ya giza lenyewe, mpaka akakuta miamba miwili mikubwa isiyo na mwisho, imepambana bega kwa bega. Kila mmoja ulitaka kupita, na hakuna uliokubali kumpisha mwenzake. Zilipita enzi miamba ikisukumana bila kusogea, ikijikunja kwa ndani, mpaka ghafla bega moja likateleza, na tetemeko likapanda juu kuelekea kwenye vitanda vya watu. Baada ya hapo miamba haikutulia mara moja. Ilikuwa ikijigeuza na kujigeuza, kama mlalaji anayetafuta ubavu mzuri. Hicho ndicho kilichomwamsha Siwatu akiwa ametota jasho. Miamba ile haikuwa na hasira. Haikuwa na habari na viganja vya mtu yeyote. Ilikuwa haijui kama kuna mji.

Alishuka mtaani. Vumbi lilikuwa bado halijakaa. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Riziki, mpiga pasi, mwanamke mwembamba ambaye mumewe alikuwa amekwisha kuimbiwa, na aliyebaki na binti mmoja tu, Mize, mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Wote wawili walinyoosha mikono kabla hawajaambiwa. Myeupe.

"Vizuri," alisema Siwatu.

"Dada." Riziki alimsogelea mpaka Siwatu akasikia joto la pasi kwenye nguo zake. "Nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Ukuta wa Mize umepata ufa. Unaingiza kidole. Sasa mimi nilikuwa nawaza, hivi ikitikisika tena, nikimchukua mtoto tukakaa pale uwanjani, kwenye nyasi, pasipo na kitu juu yetu... kifurushi nimeshafunga, dada. Ni mawazo tu."

Kwa neno lile peke yake Riziki alistahili Ukuta wa Umma. Siwatu alimtazama Mize, aliyekuwa akipuliza chokaa kutoka mikononi ili aone itaruka umbali gani.

"Sikusikia ulichosema," alijibu, na katika mji ule hakuna ruhusa kubwa kuliko hiyo. Riziki alielewa. Macho yake yalijaa machozi, akarudi ndani upesi.

Nyumba ya mama yake Siwatu ilikuwa mwisho wa mtaa. Aliona kuwa imeharibika kabla hajaifikia, kwa sababu aliona kilicho nyuma yake: ukuta wa kaskazini haukuwepo, na jua lilikuwa limeingia chumbani bila kubisha hodi. Ukuta wa kaskazini ulikuwa wa mama. Akajisikia anaandaa maneno ya kazini, marehemu alishika, marehemu alishika vizuri, na akakichukia kinywa chake kwa namna ambayo hajawahi kuchukia kitu.

"Usisimame hapo mlangoni, kizingiti kimepasuka," sauti ilisema. "Na angalia unapokanyaga, vioo vimejaa."

Katikati ya chumba palikuwa na meza nene ya mninga ambayo marehemu baba yake alikatia nguo enzi za uhai wake. Juu yake mawe yalikuwa yamelundikana. Chini yake kilitokeza kilemba, kikafuatwa na Bi Kidawa mwenyewe, mama yake, akitambaa na kupiga chafya.

"Mama," alisema Siwatu. "Mikono."

Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mama yake aliyefufuka, na alilijutia papo hapo. Bi Kidawa alinyoosha mikono bila kinyongo. Viganja vilikuwa safi kabisa na vilinuka vitunguu.

"Uliachia."

"Sikuachia. Sikuwahi kushika. Nilikuwa nakwenda, wallahi, nakwenda kwenye ukuta wangu kama mtu mwenye adabu zake, sakafu ikanikatalia. Magoti haya si ya kukimbia tena, mwanangu. Nikaanguka, nikajikuta chini ya meza ya baba yako. Nikaukumbatia mguu wake kwa mikono miwili, kichwa nikakificha hivi." Aliizamisha shingo katikati ya mabega kama kobe. "Meza ikatembea, nami nikatembea nayo. Ikaenda kule, nikaenda kule. Ukuta ukaja. Ukaipiga meza, na meza ikagoma."

Pale ambapo Bi Kidawa angekuwa amesimama palikuwa na rundo la mawe lililofika kiunoni. Wote wawili walilitazama, kisha wakaacha kulitazama.

"Ilipotulia nilitoka nikamwagia jiko maji, nisije nikapona mawe nikafa moto," mama aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ikatikisika tena kidogo, nikarudi. Na itarudi, Siwatu. Nimeisikia tumboni mwa sakafu. Twende uwanjani tukakae huko mpaka ikinai. Hizi kuta zilizobaki zimebaki kwa jina tu."

Huko nje firimbi ililia. Mkaguzi Mkuu alikuwa ameingia mtaani, na angefika pale, na angeona ukuta uliolala, na angeviomba viganja vya Bi Kidawa.

Siwatu hakufikiri. Watu husema nilifikiri sana, nilipima, nikaamua; yeye hakupima chochote. Aliokota bonge la chokaa kwenye kifusi, akalitemea mate, akaishika mikono ya mama yake na kuanza kuipaka.

"Unanifanyia nini? Siwatu, mimi sikushika."

"Nyamaza, mama."

"Mimi nilikuwa chini ya meza."

"Watakupeleka kwenye Ukuta wa Umma. Nimewaona wanaokaa pale. Nimewaona mimi. Nyamaza, nakuomba."

"Na wewe je, wakijua umenipaka?"

Siwatu aliendelea kupaka, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kucha. Bi Kidawa alimtazama binti yake akitetemeka wakati ardhi haitetemeki, naye akanyamaza.

Mkaguzi Mkuu aliitwa Bwana Shaibu. Alikuwa mtu wa sauti laini, na mikono ya joho lake ilikuwa mirefu kupita vidole, hata hakuna aliyewahi kuviona viganja vyake. Alisimama barazani, akautazama ukuta uliolala, akamtazama Bi Kidawa aliye hai, akainama juu ya vile viganja vyeupe kwa muda ambao kwa Siwatu ulikuwa mrefu kuliko umri wake. Ukuta umeanguka. Ameshika. Yu hai. Jambo la namna hiyo lilikuwa halijawahi kuonekana, na macho ya Bwana Shaibu yaling'aa kama ya mfanyabiashara aliyeletewa mzigo asioutarajia.

"Watu wangu," alisema, wala hakupaza sauti, "wako wanaonong'ona kwamba kushika hakumwokoi mtu. Nimewasikia. Njooni basi mmwone aliyeshika."

Walikuja. Mtaa mzima ulikuja, na mitaa mingine nyuma yake. Bi Kidawa alikalishwa kwenye kiti, kiti kikabebwa mpaka kule kule uwanjani alikotaka kwenda, kwenye nyasi, na watu wakapanga mstari kugusisha paji la uso kwenye viganja vyake. Saa zilirudishwa tena kwenye alfajiri kwa heshima yake. Walikuja vilema walioponea chupuchupu na wajane ambao usiku huwa wanajiuliza maswali, na kila aliyegusa aliondoka amenyooka mgongo, kana kwamba amepewa jibu. Siwatu alisimama nyuma ya kiti akiwaona wanavyonyooka.

Kisha akamwona Riziki, amemshika Mize mkono, anacheka.

"Dada Siwatu! Umenisitiri, na Mungu amekusitiri kwa mama yako. Kile kifurushi nimekifungua. Nilikuwa mjinga, nilikuwa nimekufa moyo. Kumbe ni kushika tu, mtu akishika kwelikweli!"

"Na ule ufa?"

"Ufa si kitu. Mize atashika zaidi. Eti mama?"

Mize aliinua mikono yake miwili juu kuonyesha atakavyoshika.

Nimemwokoa mmoja. Nani kasema? Nimempaka mmoja. Chokaa ya mama imeingia kwenye mikono ya mtoto huyu. Imeingia kwenye mikono ya wote hawa. Watashika. Watashika kwa furaha, na mimi nitapiga magoti na kuvigeuza, kimoja kimoja, vyeupe, vyeupe, vyeupe. Siwatu ni nani? Ni mkono uliopaka. Basi.

"Nilimpaka mimi!" Sauti ilimtoka kabla hajaiita. "Sikilizeni! Mama hakushika. Alikuwa chini ya meza, meza ndiyo iliyomwokoa. Nilimpaka chokaa kwa mikono yangu. Msishike! Mkiwa ndani ingieni chini ya meza, ficheni vichwa, kamateni miguu yake. Kaeni mbali na kuta. Mkiwa nje kaeni hukuhuku nje!"

"Ni kweli!" Bi Kidawa naye alijitahidi kusimama kwenye kiti. "Nilikuwa namenya vitunguu mimi!"

Siwatu alimgeukia Bwana Shaibu na kungoja. Alikuwa tayari kwa Ukuta wa Umma. Alikuwa anautaka, maana wangempeleka pale kwa sababu ya ukweli, na watu wangeuona ukweli unapelekwa. Bwana Shaibu alimwekea mkono begani, kitambaa kitupu kisicho na vidole.

"Mkaguzi wetu amechoka," alisema kwa upole mkubwa. "Furaha nayo huchosha. Na mama ni mnyenyekevu, kama mnavyomsikia."

Watu walicheka, kicheko cha mapenzi. Mwanamke mmoja alimpelekea Siwatu maji ya kunywa. Hakuna aliyemkasirikia, na hilo lilimtisha kuliko kitu kingine chochote tangu azaliwe. Riziki alimtikisia kichwa kwa huruma.

"Viganja nimeviona kwa macho yangu, dada," alisema.

Ndipo ndege waliporuka wote kwa pamoja kutoka kwenye mapaa, na ngurumo ikapita chini ya nyasi.

Walikuwa nje. Hiyo ndiyo sehemu ambayo msimuliaji hawezi kuisimulia bila kuuma meno. Mji mzima ulikuwa uwanjani, juu yao palikuwa na mbingu tu, na mbingu hazina tofali. Wangekaa chini mahali walipo wakafunika vichwa vyao, wangeona jioni. Wakakimbia majumbani. Wazee walikimbia, akina mama walikimbia na vichanga, kila mtu kwenye ukuta wake, na walikuwa wanaimba.

"Kaa hapa mama, lala chini, usitoke!" Siwatu alipiga kelele, naye akawafuata. Hakumfuata yeyote mwingine, alilifuata gauni la kijani la Mize. Ardhi ilimwangusha mara ya kwanza, akainuka, ikamwangusha tena, akaenda kwa magoti na viwiko huku vigae vya mapaa vikipasuka pembeni yake. Alipoufikia mlango wa Riziki, mama na mwana walikuwa wameshafika kwenye kuta zao. Riziki alikuwa amefumba macho, mikono imenyooka, uso wake umetulia kama wa mtu anayesali. Mize alikuwa upande wa pili, viganja vyake ndani ya zile alama ndogo alizowekewa alipoachishwa ziwa, na ufa ulikuwa ukifunguka na kufumba juu ya kichwa chake.

Siwatu alimkamata kiunoni na kumng'oa. Mtoto alimuuma mkono. Akamsokomeza chini ya meza ya kupigia pasi, akamlalia juu, akaushika mguu wa meza.

"Mrudishe!" Riziki alikuwa amefumbua macho. "Dada, mrudishe mtoto ukutani! Utatuua!"

"Njoo! Riziki, achia, njoo huku!"

Riziki aliwatazama chini ya meza. Palikuwa na hatua chache tu kati yao. Siwatu aliona kwamba anamwonea huruma, yeye Siwatu, kama mtu anayemtazama aliyepotea njia. Kisha Riziki akaurudishia ukuta wake uso, akakaza mikono, naye akashika kwelikweli.

Ukuta ule ulianguka wote kwa mara moja.

Ilipotulia, Siwatu alimtoa Mize kupitia pale palipokuwa mlango, akamziba macho, akampeleka mpaka katikati ya kiwanja mbele ya nyumba, mbali na kila kitu. Vumbi lilifunika mtaa. Kutoka kila upande palitoka ukimya mahali ambapo palikuwa na nyimbo. Mize hakulia. Alikaa kitako akiitazama mikono yake.

"Niliachia," alisema.

"Hukuachia. Mimi ndiye niliyekutoa."

"Niliachia, shangazi. Ndiyo maana mama kaangukiwa."

"Sikiliza, Mize. Mama ameangukiwa na ukuta wake. Ule alioushika yeye. Si wako." Lakini maneno yake yalikuwa maneno ya uwanjani, yaliyokwisha kuchekwa, na mtoto hakuwa hata anamsikiliza. Alikuwa anautazama ukuta mmoja uliobaki wa nyumba yao. Ulisimama peke yake kati ya mawe, bila dari, bila mwenzake, na ufa umeushuka tangu juu mpaka chini. Ulikuwa wa kwake.

Ardhi ikajigeuza tena. Mize alichomoka. Alikimbia moja kwa moja kuelekea kwenye ukuta ule, mikono mbele, viganja wazi, na Siwatu aliruka akamdaka pindo la gauni, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi. Mtoto alipiga mateke, alikwaruza, alijinyoosha mpaka mabega yakakaribia kuteguka, ili mikono yake iufikie. "Niache nishike! Utaanguka! Shangazi, niache, utaanguka!" Siwatu alimkumbatia kwa nguvu zake zote na hakumwachia. Mbele yao ukuta uliyumba. Ulimwaga chokaa, ukapiga mlio, ufa ukafunguka mpaka jua likaonekana upande wa pili, ukafumba, ukayumba tena.

Kisha ardhi ikatulia, na ukuta ulikuwa bado umesimama. Hapakuwa na mtu yeyote karibu nao.

Mize aliutazama muda mrefu. Mikono yake ilishuka taratibu. Ndipo alipoanza kumlilia mama yake.